Acheni kutuhubiria kwa kadi za mkopo za Robert Townsend, filamu zake zenyewe hamjaziona!

Wakuu, salamu fupi leo. Nimechafukwa.

Mara ya tatu mwezi huu natumiwa ile hadithi. Mnaijua. Mchekeshaji wa jukwaani huko Marekani alinyimwa nafasi Hollywood, akachukua kadi za mkopo, akatengeneza filamu yake, akavuna mamilioni, WEWE UNASUBIRI NINI? Na nyuma ya maandishi kuna picha ya simba. Jina la mtu mwenyewe halipo! Simba kapata nafasi, Robert Townsend kakosa.

Safari hii katuma jamaa yangu wa karibu, nilikuwa namwambia hela ya kumalizia filamu yangu fupi imekata. Hakuuliza nimekwamia wapi. Katuma simba, kaongeza kikatuni cha msuli, kaenda kulala.

Sasa tuongee.

Townsend ni mtoto wa Chicago, kazaliwa 1957, kalelewa na mama peke yake. Alianzia kwenye tamthilia, na mwaka 1975 akapita chapuchapu ndani ya filamu ya Cooley High iliyopigwa hukohuko mjini kwao. Baadaye majukwaa ya uchekeshaji, kisha vinafasi vya uigizaji. Mwaka 1984 alikuwemo kwenye A Soldier's Story, filamu iliyofika mpaka kuwania Oscar ya filamu bora. Mtu ungedhani simu itaanza kuita. Iliita kweli, ila alichokuwa akitakiwa kucheza ni kibaka, mtumwa au kuwadi.

Ndipo yeye na mchekeshaji mwenzake Keenen Ivory Wayans wakakaa chini kuandika Hollywood Shuffle, ndiyo hiyo filamu ya kadi za mkopo. Na hapa kwenye hesabu ndipo watu wa simba mnapotudanganya. Filamu ile iligharimu kama dola 100,000. Kadi zilibeba kama 40,000. Hizo nyingine zote zilikuwa akiba yake, jasho la kuigiza kwenye filamu za watu! Zaidi ya nusu ya mtaji alikuwa nayo kabla hajagusa kadi hata moja. Mbona hiyo hamuiandiki?

Tena alikuwa akiomba mabaki ya mikanda, ile filamu mbichi inayobaki watu wakimaliza kupiga kazi zao kubwa. Nani atakupa mabaki kama hujawahi kukanyaga kwenye seti yake? Na waigizaji ambao hakuwa na fedha taslimu ya kuwalipa, aliwajazia mafuta kwenye magari yao kwa kadi. Mkurugenzi yuko kituo cha mafuta, anachomeka pampu kwenye gari la mwigizaji wake, ndiyo mshahara huo. Siku zenyewe za kupiga picha zilikuwa chache mno, lakini zilitawanyika kwa zaidi ya miaka 2, kwa sababu hela ikiingia wanapiga, ikikata kila mtu anarudi kwao.

Halafu kampuni ya filamu ya Samuel Goldwyn Company wakainunua, ikatoka 1987, ikaingiza zaidi ya dola milioni 5. WAKAINUNUA. Bila huyo mnunuzi, tungekuwa na mtu mwenye deni la maelfu ya dola, riba inapanda, na mikanda kwenye boksi chini ya kitanda. Wa namna hiyo wapo wengi tu na hakuna anayewawekea simba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba filamu yenyewe inawasema watu kama nyie na hamjui. Kuna kipande mtumwa mtoro anahangaika msituni, ghafla anageukia kamera na kuanza kuongea Kiingereza cha kisomi kabisa, kumbe ni tangazo la shule ya uigizaji ya watu weusi. Ndani ya shule, walimu wazungu wanawafundisha watu weusi kutembea na kuongea "kama weusi". Mwalimu anarekebisha mwendo wa mwanafunzi kwa umakini kama anafundisha baleti! Mara ya kwanza kuiona nilicheka mpaka nikasimamisha video, halafu sikuendelea kwa dakika kadhaa. Mtu aliyeandika kitu kile alikuwa analalamika. Mmemfanya balozi wa mikopo.

Na baada ya hapo? Hadithi ya simba huishia kwenye mamilioni. Mwaka uleule wa 1987 aliongoza Eddie Murphy Raw, filamu ya Murphy akichekesha jukwaani, iliyoingiza kama dola milioni 50 Marekani pekee. Mwaka 1991 akaja na The Five Heartbeats, majumba ya sinema yakaipita hivihivi, ikaja kupendwa kwenye kanda na televisheni mpaka ikawa filamu ya kifamilia kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1993 akatoa The Meteor Man, shujaa mweusi mwenye nguvu za ajabu, miaka 5 kabla ya Blade, filamu nyingine ya shujaa mweusi. Haikuuza. B*A*P*S ya 1997 ndiyo usiseme, mhakiki wa filamu Roger Ebert aliipa nyota sifuri. (Mimi kuna sehemu nilicheka, nisameheni.)

Kuanzia hapo kazi zake nyingi zikawa za televisheni. Carmen ya 2001 yenye Beyoncé ni ya kwake. Ile ya 2002 kuhusu wahudumu weusi wa mabehewa ya treni ya kampuni ya Pullman na chama chao cha wafanyakazi, ni ya kwake pia, na kwangu ni nzuri kuliko nusu ya vilivyokuwa sinema mwaka huo. Mtu aliyegeuza laki moja kuwa milioni tano, kwa akili ya kawaida, alitakiwa kuzungukwa na wenye fedha mpaka leo. Hilo ndilo swali la kuuliza, kwa nini haikuwa hivyo. Kuna mmoja humu aliandika eti Townsend "alipotea". Kapotea wapi? Mwaka 2023 alikuwa kwenye tamthilia ya televisheni ya The Bear, kama baba wa mhusika Sydney, anacheza kwa utulivu mpaka unasahau anaigiza.

Na wale wa "wachekeshaji walianza kuongoza filamu kwa Jordan Peele 2017", sina nguvu nanyi leo. Get Out, filamu yake ya mwaka huo, ilikuwa na bajeti ya dola milioni 4.5 za kampuni. Peele hakujaza mtu mafuta.

Jamaa yangu najua unasoma humu. Kadi ya mkopo sina na sitafuti. Ninachohitaji ni taa 2 na kinasa sauti, Jumamosi na Jumapili tu, narudisha Jumatatu asubuhi. Ukiwa navyo nipigie. Simba baki naye.