Sindano siioni, basi la mbali naliona: ninunue miwani ya sokoni?

Mama Cherehani, Masasi
Wakuu habari za jioni. Nashona hapa Masasi mjini, umri 46. Siku hizi kutunga uzi namwita kijana wa jirani anisaidie. Kitambaa cheusi ndiyo usiseme, hasa umeme ukikatika. Cha ajabu, basi la Newala likiwa bado mbali nasoma maandishi yake vizuri tu. Sokoni kuna kaka anauza miwani ya kusomea, unajaribu mpaka upate inayokufaa. Shoga yangu anasema nikishaanza kuvaa macho yatalemaa. Na binti yangu wa kidato cha pili ananakili kwa mwenzake, eti ubao una ukungu. Si tuvae kwa zamu tu?

Kijana wa Chikongola
Mama, hapo kwenye zamu hapana 😂 Wewe shida yako karibu, yake mbali. Atagonga milango.

Mpima Macho Kusini
Shikamoo mama. Napima macho huku huku kwetu, na akina mama wanaochambua korosho huniletea maneno kama yako, kasoro sindano. Ndani ya jicho kuna lenzi inayonenepa ukitazama kitu cha karibu. Kuanzia miaka ya arobaini inakakamaa, ndiyo maana unasogeza kitu mbali mpaka mkono unaisha. Ni umri. Shoga yako ameona watu wanapandisha namba kila baada ya muda, akadhani miwani ndiyo mchawi. Namba ingepanda hata usipovaa, mpaka kwenye sitini hivi inatulia.

Ya sokoni siipigi vita. Kasoro yake, namba ni ileile macho yote mawili, na macho ya wengi hayalingani. Kinachonitisha ni mtu kuinunua akaridhika kumbe ana presha ya macho. Ile kwa kawaida haiumi, inakula uoni wa pembeni taratibu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo pima kwanza, hospitali ya mkoa ya Ligula kule Mtwara au yoyote ya karibu yenye kitengo cha macho, na sukari wakuangalie. Beba sindano na kitambaa, uwaonyeshe unakaa umbali gani na mashine. Usiposema utapewa namba ya kusomea kitabu, ukirudi kwenye cherehani inagoma.

Binti ndiye wa haraka. Huenda jicho lake ni refu kidogo, picha inaishia kabla ya kufika kwenye retina, ule ukuta wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa hiyo atahitaji lenzi za namba ya kutoa, za kuonea mbali. Umri huo namba hupanda, awe anapimwa kila mwaka. Na mwalimu amkalishe mbele kuanzia kesho.

Mama Cherehani, Masasi
Marahaba mwanangu. Nasikia kuna leza, ukifanyiwa unasahau miwani kabisa?

Mpima Macho Kusini
Leza inachonga kioo cha mbele cha jicho. Wanaofanyiwa zaidi ni wenye shida ya mbali, tena watu wazima ambao namba imeshatulia, kwa hiyo binti bado. Kwako leza ya kawaida hailainishi lenzi iliyokakamaa. Utatoa hela ya korosho ya msimu mzima, halafu urudi kwa yule kaka wa sokoni.

Kijana wa Chikongola
Na mama, ujitafutie kamba ya shingoni, mafundi wanakalia miwani kila siku.