Tupeane uzoefu: ulipouliza swali lako la kwanza la programu, ulijibiwaje?

MwanaTudor: Jana kijana mmoja aliuliza kundini kwa nini mstari wake, print "Habari", unakataliwa na Python, lugha ya kuandikia programu, akaambiwa arudi chekechea. Hakuna aliyemweleza kwamba kitabu chake ni cha Python 2, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na kwamba Python 3 inadai mabano. Nyinyi mlipokewaje?

BintiKizingo: Niliambiwa nikatafute Google, nami nilikuwa nimetoka huko huko.

FundiKongowea: Afadhali nyinyi mliotukanwa. Nilikuwa na duka la uchapaji karibu na soko, kompyuta moja yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, diski ikajaa, nikauliza namna ya kupata nafasi. Akajitokeza mtu mpole ajabu, akaniita kaka, akanipa amri "ya kufagia takataka": sudo rm -rf /*. Nikaandika, nikatia nywila, mistari ikaanza kuporomoka kwenye skrini, na mashine haikuwaka tena. Kadi za harusi za watu zilipotea zote, na mama wa bwana harusi mmoja alikaa kwenye kiti changu hadi magharibi akizidai. Niliporudi kundini kuuliza, nilikuta watu wakicheka.

Mvita_Seva: Pole, ndugu yangu, lakini mtu hutiaje nywila kwenye amri asiyoielewa?

BintiKizingo: Amedanganywa, nawe unamlaumu yeye?

Mvita_Seva: Simlaumu, dada. Wanaoanza hututumia picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, ujumbe wa kosa umekatwa, kisha huandika "haifanyi kazi". Sisi si wapiga ramli.

Baharia_wa_Likoni: Linus Torvalds mwenyewe, aliyeitangaza Linux, kiini cha mifumo kama Ubuntu, mwaka 1991, aliomba radhi hadharani Septemba 2018 kwa ukali wake. Sembuse wewe, bwana?

MwanaTudor: Tusigombane. Ukimpa mtu amri, mweleze kila kipande: sudo hukupa mamlaka yote juu ya mashine, rm hufuta, r huingia hadi folda za ndani, f huzuia mashine isikuulize, na /* ni kila kilichomo kwenye mashine. Angejua hayo, asingeibonyeza.

Mvita_Seva: Mimi simpi jibu kabla hajasema amejaribu nini.

Baharia_wa_Likoni: Mimi humpa jibu kwanza, maswali baadaye, maana mwenye njaa hahojiwi.

BintiKizingo: FundiKongowea, kadi zilipatikana?

FundiKongowea: Nilizipanga upya usiku ule ule kwa kompyuta ya jirani, karatasi kwa gharama yangu, na yule mama akapata kosa kwenye jina la mkwewe.