Bethidei ya mtoto wa miaka 6: nyumbani, ufukweni au sehemu ya michezo ya kulipia?

mama_kitinda

Habari za jioni wanajukwaa. Binti yangu wa mwisho anatimiza miaka 6 mwezi ujao, na safari hii nataka siku yake iwe yake kweli. Mwaka jana nilimkosea. Kadi zilisema saa nane, wageni wakaanza kuingia saa kumi, tukawa tunasubiri wakubwa watimie, keki ikaja kukatwa saa mbili usiku. Mtoto alishalala kwenye kochi na gauni lake. Tukamwamsha, akakata keki analia. Kwenye kila picha macho ni mekundu na alama ya mto iko shavuni. Mpaka leo nikizifungua zile picha roho inaniuma.

Tunaishi Tabata, chumba na sebule, na uwani tunatumia pamoja na wapangaji wengine wawili. Nina laki 3, sina zaidi. Nimewaza njia tatu:

Nyumbani, nipike mwenyewe. Naogopa kuchoka, na watoto wa mtaa mzima watakuja.

Coco Beach. Hakuna kiingilio, mihogo na mishikaki iko palepale. Ila kuwabeba watoto 15 kutoka Tabata mpaka Oysterbay ni kazi.

Sehemu ya michezo ya kulipia. Nimetajiwa elfu 15 kwa kila mtoto, chakula mbali.

Waliokwisha kupita huko naomba mnisaidie. Njia ipi inampa mama nafasi ya kukaa japo dakika kumi na mwanawe?

baba_wa_wanne

Dada, mimi nimejaribu zote tatu, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Sehemu ya kulipia ina raha yake: hupiki, hufagii, na mvua ikinyesha hauna wasiwasi. Kama mtoto amezaliwa Aprili na masika imekolea, hiyo ndiyo njia ya kwanza kufikiria.

Tatizo liko mlangoni. Nilialika 12, wakaja 21, kwa sababu kila mzazi alimleta aliyealikwa pamoja na mdogo wake na binamu aliyekuja likizo. Getini wanahesabu kichwa. Hakuna mzazi aliyekuwa na nia mbaya, lakini nililipa watoto 9 ambao sikuwapangia, na kumrudisha mtoto mlangoni sikuweza. Halafu muda tuliopewa ulikuwa saa mbili tu, na ulianza kuhesabiwa kwenye saa niliyoandikisha, siyo wageni walipofika. Tulicheza dakika 50.

Kwa laki 3, piga hesabu: watoto 15 kwa elfu 15 ni 225,000. Unabaki na elfu 75 ya keki, chakula na nauli. Haitoshi.

mpishi_wa_uwani

Nyumbani, mama. Napika kwenye shughuli za watu kila wiki, za watoto zikiwemo, na kinachowachosha kina mama ni wingi wa vyakula. Unakuta mtoto anatimiza miaka 5, mezani kuna pilau, biriani, kuku wa kukaanga, ndizi, kachumbari na saladi ya matunda. Watoto wanakula chipsi na soda, vingine vyote wanakula wakubwa.

Fanya hivi. Pilau sufuria moja: kilo moja ya mchele inatosha watoto 10, kwa hiyo kilo 3 inalisha watoto 20 na wakubwa wachache. Nyama katakata vipande vidogo ili igawanyike. Sambusa funga Ijumaa usiku, panga kwenye sinia ulilonyunyizia unga, weka kwenye friji. Jumamosi ni kuzichoma kwenye mafuta tu. Juisi ya ukwaju loweka jana yake. Barafu za ubuyu gandisha tangu Jumatano, watoto wanazipenda kuliko soda. Keki kilo 2, isizidi.

Na mpangilio: chakula kwanza, keki baadaye. Mtoto akishaonja keki, hilo pilau litabaki kwenye sahani na mikono itahamia kwenye makochi.

Kuhusu kuchoka, usiwe mwenyewe kila mahali. Mtu mmoja jikoni, mmoja kwa watoto, mmoja getini anapokea wageni na zawadi. Wewe usishike mwiko siku hiyo.

mwana_wa_mvita

Salaam nyote kutoka Mombasa. Sisi huku wanetu twawapeleka Pirates au Nyali, na mimi napenda ufuoni kuliko nyumba yoyote, kwani watoto wachezea mchanga bila kuchoka na mama hana la kufagia. Lakini dada yangu, usichague tarehe kabla kuangalia maji.

Bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Ukiwaita watu saa tisa siku ya bamvua, baada ya saa moja mkeka wako uko majini na watoto wamebanwa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Hilo lilinipata mwenyewe, tukaihamisha keki mara tatu. Ukihesabu siku saba baada ya bamvua, mambo yageuka: saa kumi maji yako mbali, mchanga ni mpana na mgumu, mtoto aweza kukimbia. Pwani ni moja, kwenu Dar ni vivyo hivyo.

La pili, weka watu wazima wawili ambao kazi yao ni kutazama maji tu. Wasishike simu, wasipakue chakula. Watoto 15 wa miaka 6 kando ya bahari si wa kutazamwa na mtu mmoja. Ukikosa hao wawili, basi usiende.

mwalimu_wa_awali

Nafundisha darasa la awali, na kwa miaka yote niliyokaa na watoto wa umri huu naona mahali si neno kubwa kama muda. Mtoto wa miaka 6 anafurahia sherehe kwa saa mbili, mbili na nusu. Baada ya hapo kilio kinaanza, na mzazi anadhani mtoto hana adabu kumbe amechoka.

Michezo wanayoijua inatosha. Mbio za magunia, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, viti muziki, rede kwa wakubwa kidogo. Ile ya ndimu ndiyo naipenda zaidi. Unamwona mtoto mtukutu kuliko wote anatembea polepole, ulimi nje, macho kwenye kijiko, uwanja mzima umetulia. Mashindano mafupi, na kila mmoja apate kitu kidogo, hata peremende.

Naomba niseme mawili ambayo watu hawapendi kuambiwa. Kwanza, kulishana keki. Akiitwa baba mdogo, shangazi, majirani, wafanyakazi wenzake na mama, kila mmoja na picha yake, mtoto anasimama nusu saa na kijiti mkononi. Awalishe wazazi, bibi na babu, wengine wapewe kwenye sahani.

Pili, kumwagia maji. Wapo watoto wanaofurahi kweli. Lakini nimewahi kumpokea mtoto Jumatatu ambaye hakutaka kusikia neno bethidei, kwa sababu wajomba walimmwagia ndoo ya maji ya barafu akiwa na gauni alilolisubiri mwezi mzima. Muulizeni mtoto mapema. Akikataa, mumlinde siku hiyo.

Ipo na njia ya nne: keki ya shuleni. Uliza mwalimu wake kwanza, shule nyingine haziruhusu. Wakiruhusu, peleka keki iliyokatwa vipande tayari, maana kukata keki mbele ya watoto 40 kunamaliza kipindi. Ni nafuu kuliko zote.

kaka_wa_mbagala

Mimi nasimama na nyumbani, ila hiyo hofu ya watoto wa mtaa naomba dada aitoe moyoni. Huku kwetu huwezi kupiga muziki na kupika pilau halafu ukafunga geti. Wale watoto ndio anaocheza nao kombolela kila jioni. Wapangie tangu mwanzo: ukialika 15, pika kwa ajili ya 25. Wapangaji wenzako waambie wiki moja kabla, siyo siku ile, na uwaombe uwa kwa muda fulani. Wakijua saa ya kumaliza hawatanuna.

Na kama unafikiria kukodi lile jumba la kujaza upepo, kumbuka mashine yake inapuliza muda wote. Umeme ukikatika linalala, na watoto wako ndani. Bila jenereta liache.

mama_kitinda

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeamua nyumbani, saa nane na nusu mpaka saa kumi na moja, na kwenye kadi nimeandika saa ya kumaliza. Keki itakatwa saa kumi kamili hata kama baba yake mdogo yuko njiani. Maji nimemuuliza, amekataa, na wajomba nimeshawapigia simu.

Swali moja: vifuko vya kuondokea mnaweka nini?

mpishi_wa_uwani

Tumia vya karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Weka kashata moja laini ya nazi, penseli. Karanga na bisi usiweke, wadogo wa miaka mitatu minne watakuwepo na zinakaba, na wengine karanga zinawadhuru. Puto likipasuka okota vipande hapohapo, watoto wanavitia mdomoni.

mama_kitinda

Narudi kuleta taarifa, imefanyika jana. Walikuja 23. Umeme ulikatika saa tisa, tukaendelea na spika ya kuchaji, hakuna aliyejali. Keki ilikatwa saa kumi na dakika tano, baba mdogo alifika saa kumi na moja akakuta kipande chake kwenye sahani, akala bila neno. Dada yangu alishika jikoni, jirani akashika geti.

Wakati wa mbio za ndimu nilikaa chini kwenye mkeka, binti yangu akaja akanilalia mapajani, ana jasho na sukari ya keki kwenye nyusi, akaniambia, "Mama, leo sijalala." Alikumbuka ya mwaka jana. Nilidhani amesahau.

Kwa anayepanga: jumla imekuja 262,000. Mchele kilo 3 umetosha, ukabaki sahani tano za wapangaji. Barafu za ubuyu 40 ziliisha mapema, gandisha 60. Ndimu nilinunua 10, nunua 20, maana zinakanyagwa.