Tyubu ya leza ya wati 80 imechoka: ninunue ipi na niifunge vipi hapa Tanga?

Vibao_Ngamiani

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina karakana ndogo Ngamiani, hapa Tanga, ambako tunakata vibao vya majina vya akriliki, kadi za harusi na mapambo ya MDF (mbao za unga wa mti uliogandamizwa) kwa mashine ya leza ya kaboni dayoksaidi iliyouzwa kwetu kama ya wati 80. Akriliki ya milimita 3, ambayo zamani ilikatika mara moja na kuacha ukingo unaong'aa, sasa inabaki imeshikana kwa chini, na plaiwudi inaungua tu bila kuachana. Nataka kuagiza tyubu mpya, yaani mrija wa kioo unaotoa mwale wa leza, kutoka China, lakini wauzaji wawili wananipa bei zinazopishana sana kwa kile ambacho wote wanakiita tyubu ya wati 80: mmoja anauza yenye urefu wa milimita 1000 na unene wa milimita 50, mwingine yenye urefu wa milimita 1250 na unene wa milimita 80. Naomba mwenye uzoefu anieleze tofauti yake, kama pawa saplai niliyo nayo (kifaa kinachoipa tyubu umeme mkubwa) itafaa, na namna ya kuifunga kwa usalama, kwa kuwa fundi aliyefunga ile ya kwanza alikwisha kuhama mji.

Fundi_Chumbageni

Kaka, kabla hujatuma hata shilingi, jiridhishe kwamba kilichokufa ni tyubu kweli. Leza inapopungua nguvu watu huikimbilia tyubu, ilhali lenzi iliyoshika ukungu wa moshi wa MDF hutoa dalili zile zile, na lenzi ni ya bei ndogo. Itoe, itazame dhidi ya mwanga wa dirisha, isafishe taratibu kwa pamba na pombe ya isopropili, kisha uvifanyie hivyo hivyo vioo vyote vitatu vya kuakisi. Ukikuta lenzi imemeguka, usiishike kwa vidole vitupu wala kuipuliza, kwa sababu lenzi hizi hutengenezwa kwa zinki selenaidi na vumbi lake ni sumu.

Ukimaliza, tazama mita ya miliampea wakati leza inapiga, huku kifuniko kimefungwa. Sindano ikipanda kama kawaida lakini mwale haukati, na mng'ao wa ndani ya tyubu umetoka kwenye zambarau ukaelekea weupe, hapo gesi imeharibika na tyubu haina dawa. Ndani mna mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, nitrojeni na heli, na heli ni gesi nyepesi inayotoroka polepole hata pale ambapo huoni tundu. Sindano isipopanda kabisa, au ikirukaruka huku ukisikia mlio wa cheche, chunguza kwanza pawa saplai na waya wa umeme mkubwa.

Nakshi_Bagamoyo

Naongezea upande wa ununuzi, kwa kuwa karakana yetu hapa Bagamoyo inachora nakshi kwenye mninga na tumekwisha kuagiza tyubu zaidi ya mara moja.

Kaka wa Ngamiani, usiamini maandishi ya lebo, amini futi kamba. Nguvu ya tyubu ya kioo hutegemea ujazo wa gesi na urefu wa njia ambamo umeme unapita, kwa hiyo haiwezekani kuificha. Tyubu ya wati 40 huwa na urefu wa takriban milimita 700, ya wati 80 huwa takriban milimita 1250 ikiwa unene wake ni milimita 80, au hufika milimita 1600 ikiwa ni nyembamba ya milimita 60, na ya wati 100 huwa karibu milimita 1450. Ile ya milimita 1000 yenye unene wa milimita 50 haiwezi kutoa wati 80 kwa muda mrefu. Anayeiita hivyo anakuuzia nguvu ya kuisukuma kupita kiasi, na tyubu inayosukumwa hivyo huisha mapema. Pima pia nafasi ya ndani ya mashine yako kabla ya kuagiza, maana mashine nyingi huuzwa kwa jina la wati 80 huku chumba chake cha tyubu kikiwa kifupi.

Kuhusu pawa saplai, soma kibandiko chake. Tyubu ndefu huhitaji volti nyingi zaidi ili iwake, na pawa saplai iliyotengenezwa kwa tyubu ya wati 40 au 50 haitaiwasha ile ya milimita 1250, au itaiwasha kwa kusuasua mpaka iungue yenyewe.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya tarehe ya kutengenezwa, na umlipie sanduku la mbao lenye sponji nene. Mzigo ukifika kwa wakala, ufungue pale pale kabla ya kusaini, huku mwenzako akirekodi kwa simu. Usiridhike kwa kuona kwamba kioo cha nje ni kizima: angalia mrija mwembamba uliojiviringa ndani karibu na ncha, ambao ndio huvunjika safarini mara nyingi, na ukiwa umevunjika madai yako yatasikilizwa tu ikiwa picha zinaonyesha kwamba sanduku lilikuwa bado halijatoka mikononi mwa msafirishaji.

Vibao_Ngamiani

Nawashukuru sana. Nimesafisha lenzi na vioo, sindano inafika miliampea 20 bila shida, na mng'ao umekuwa mweupe kabisa, kwa hiyo tyubu ndiyo imekwisha. Nitaagiza ile ya milimita 1250, na pawa saplai yangu imeandikwa wati 80. Kitu kingine: chila, yaani mashine ya kupoza maji yanayozunguka ndani ya tyubu, imewekwa nyuzi 18 tangu ilipokuja, na wakati wa masika naona matone juu ya tyubu. Je, yana madhara?

Fundi_Chumbageni

Yana madhara makubwa, na nafurahi umeuliza kabla tyubu mpya haijafika. Maelekezo ya watengenezaji kwa kawaida husema maji yawe kati ya nyuzi 15 na 25, na mtu akisoma hivyo huchagua baridi. Pwani yetu haikubali. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida hapa Tanga, huanza kudondosha umande kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi. Tyubu yenye maji ya nyuzi 18 ndani yake basi hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Jasho hilo likikaa kwenye kioo cha kutolea mwale, mwale hukipasha moto isivyo sawa na kukiunguza. Likikaa upande wa waya mwekundu wa umeme mkubwa, ambako kuna zaidi ya volti 20,000, umeme hupata njia ya kurukia bodi ya mashine.

Lakini kupandisha maji hadi nyuzi 28 si suluhisho pia, kwani nguvu hupungua na maisha ya tyubu hufupika. Ninachokushauri ni kuishughulikia hewa ya chumba badala ya maji. Kiyoyozi hukausha hewa: chumba kikiwa nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 55, umande hauanzi mpaka nyuzi 16 au 17, na hapo unaweza kuweka maji nyuzi 21 au 22 bila wasiwasi. Kipimo cha unyevu si cha bei kubwa; kitundike kando ya mashine. Kama kiyoyozi hakiwezekani kwa sasa, weka maji nyuzi 25 au 26, fanya kazi kwa miliampea chache, na upumzishe mashine mchana wa kaskazi. Chila za aina ya CW-3000 hazina kompresa, ni feni tu, kwa hiyo haziwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Kwa pwani tafuta zenye kompresa, CW-5000 au CW-5200.

Maji yawe yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kama maji ya betri, na uhakikishe kwamba hukupewa asidi ya betri, kwa sababu dukani hukaa rafu moja. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi, nayo hupitisha umeme.

Nakshi_Bagamoyo

Siku ya kufunga, chomoa plagi ukutani na usiguse kitu kwa muda, kwa sababu pawa saplai hubaki na umeme. Gusisha ncha ya tyubu ya zamani kwenye ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) kwa waya uliofungwa kwenye kijiti kikavu cha plastiki, ndipo uanze kazi. Mipira ya maji ya zamani ikate kwa kisu, usiivute. Chuchu za kioo huvunjika kwa kuzungushwa kidogo tu. Mpira mpya uloweshe maji ili uteleze.

Ilaze tyubu kwenye vishikio viwili, kila kimoja kiwe takriban robo ya urefu kutoka ncha, na ukaze kiasi cha kuizuia isizunguke tu. Izungushe mpaka chuchu ya maji yanayotoka iwe juu kabisa, washa pampu peke yake, na utazame kwa tochi mpaka usione kiputo hata kimoja. Kiputo kikitulia karibu na ncha, kioo hupata moto mahali pamoja na kupasuka. Waya mwekundu huenda kwenye ncha ya nyuma, mweusi kwenye ncha inayotoa mwale. Usichomee risasi kwenye pini zake, joto hupasua kioo: zungushia waya kwa kuubana, kisha uvike mpira wa silikoni na ujaze silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa ile inayonuka hula chuma.

Kama ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 60, hii mpya itapanda juu milimita 10, kwa hiyo shusha vishikio kabla ya kugusa vioo. Kisha panga mwale kwa tepu ya karatasi, kioo kimoja baada ya kingine, kwa pigo fupi la nguvu ndogo, mpaka alama ambazo mwale unachoma kwenye tepu, ya karibu na ya mbali, ziangukie mahali pale pale kwenye pembe zote nne za meza. Mwale huu wa mikromita 10.6 hauonekani kwa jicho, basi vaa miwani iliyoandikwa namba hiyo.

Vibao_Ngamiani

Nimeelewa, dada, na nitafuata hivyo. Swali la mwisho: nikiagiza mbili kwa pamoja nauli inapungua. Nifanye hivyo?

Fundi_Chumbageni

Hapana, kaka. Tyubu huzeeka hata ikiwa ndani ya sanduku, na dhamana ya wauzaji wengi huhesabiwa tangu siku ya kutuma. Fedha ya tyubu ya pili ipeleke kwenye kiyoyozi na fimbo ya ethi, na umwombe fundi umeme aipime ethi hiyo wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu.