Nane Machi ofisini: kitenge cha sare, keki na picha na bosi. Hivi tunasherehekea nini?

bidada_wa_stoo:
Habari za wikendi wadau. Naombeni mawazo maana huku ofisini kwetu (kampuni binafsi, hapahapa Dar) moto umeshawaka. Nane Machi, Siku ya Wanawake, ndo hiyo inakuja na grupu la watsap la wanawake wa ofisi limeshageuka kamati ya harusi. Kitenge kimechaguliwa na watu watatu, pamoja na kushona elfu 45 kila mtu, juu yake elfu 10 ya keki na zawadi za kupeleka hospitali, halafu jana mhasibu katuma meseji eti ambaye hajatoa mpaka tarehe 25 atakatwa kwenye mshahara "ili kurahisisha". Kumrahisishia nani sasa?

Mimi sio mchoyo na sherehe nazipenda. Mwaka jana tulipendeza mno, tukapiga picha pale kwenye ngazi bosi katikati na suti yake, akasema nyie wanawake ndo nguzo ya kampuni, makofi, keki ikakatwa, saa nane kila mtu karudi mezani kwake na picha ikapandishwa kwenye ukurasa wa kampuni. Sasa wiki hiyohiyo kuna mwenzetu alikuwa ametoka likizo ya uzazi, anakamulia maziwa ndani ya stoo yangu, amekalia boksi la karatasi za A4, mlango hauna komeo kwa hiyo mimi nakaa nje nalinda huku najifanya nahesabu mali. Kuna siku bosi mwenyewe kaja kuulizia wino wa printa ikabidi nianze kuimba kwa nguvu ili yule dada ajue kuna mtu, bosi akaniuliza una furaha gani leo 😅

Nikiuliza kwenye grupu hii siku tunadai nini naambiwa nisilete siasa. Nikigoma kitenge nitakuwa peke yangu na gauni langu la kawaida na maneno yataanza. Wenye uzoefu, hizi sherehe za kazini kwenu zina maana gani, na mtu unajitoaje bila ugomvi?

Mama_Wawili:
Usijitoe mdogo wangu, kitenge vaa. Nakwambia mimi nafanya usafi kwenye taasisi moja, tumeletwa na wakala, siku zote sare yetu ni ile ya kijani yenye jina la wakala mgongoni na watu wanakupita kwenye korido hata salamu hakuna. Nane Machi ndo siku pekee kwa mwaka navaa nguo moja na mkurugenzi wa fedha. Mwaka juzi kwenye maandamano tulishika bango moja, yeye fimbo ya huku mimi fimbo ya huku, jua linatuchoma wote, akaniuliza watoto wanasoma wapi nikamwambia, na tangu siku ile akinikuta asubuhi ananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza na kama kuna karatasi chooni zimeisha nikimwambia yeye zinaletwa. Mtasema jambo dogo. Nyie mnaoitwa majina yenu kila siku ndo mnaona dogo.

Ila kwetu hela haikuwa hivyo, wenye mishahara mikubwa walichanga zaidi, sisi wa usafi na jikoni kitenge tulipewa tukalipa fundi tu. Hiyo yenu ya wote elfu 45, wa milioni mbili na wa laki tatu, ndo inaleta manung'uniko. Hapo pambana napo.

Mzee_wa_Tawi:
Binti yangu, nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani mpaka nilipostaafu, hizo sherehe nimeziandaa nyingi, za maana na za kula pilau tu.

Kwanza anayekwambia unaleta siasa hajui siku yenyewe ilikotoka. Aliyeipendekeza ni mama wa Kijerumani, Clara Zetkin, kwenye mkutano wa wanawake wa kisoshalisti Copenhagen mwaka 1910, na mwaka uliofuata ikaadhimishwa Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi, watu wanadai haki ya kupiga kura na haki kazini. Tarehe 8 nayo ina yake. Mwaka 1917 mjini Petrograd, Urusi, wanawake wa viwanda vya nguo waliacha mashine wakaingia barabarani kwa sababu ya mkate, kalenda yao ya zamani ilikuwa inasoma 23 Februari lakini kwetu ni 8 Machi. Wiki moja tu baadaye mfalme wao Nicholas wa Pili kaachia kiti. Umoja wa Mataifa wao walianza kuiadhimisha 1975. Kwa hiyo keki haikuwepo pale mwanzo, mkate wenyewe ndo ulikuwa umekosekana!

Sasa linganisha na Mei Mosi yetu. Ile nayo imetokana na madai ya kufanya kazi masaa nane, Chicago 1886, na watu walikufa. Hapa nyumbani tunavaa tisheti na kofia, tarumbeta mbele, magari ya maonyesho yanapita, mfanyakazi bora anapewa cheti na bahasha, kuna wanaokuja kwa ajili ya tisheti tu sikatai. Lakini ipo risala. Inasomwa mbele ya mgeni rasmi, madai yamo humo moja baada ya jingine, na akisimama kuhutubia uwanja mzima unasubiri aguse mshahara. 2022 pale Dodoma Rais Samia aliwaambia wafanyakazi jambo lipo, na katikati ya mwezi ikatangazwa kima cha chini serikalini kinapanda kwa asilimia 23.3. 2025 Singida akatangaza kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Sisemi matarumbeta ndo yalipandisha mshahara, mazungumzo hufanyika huko ndani kwa miezi, ila ile siku inamfunga mkubwa kwamba tarehe fulani atasimama mbele za watu na lazima aseme kitu. Mkubwa asiye na tarehe ya kujibu hajibu. Nimekaa mezani na mameneja miaka mingi, hilo nalijua.

Kwa hiyo shida ya ofisini kwenu sio kitenge wala keki. Hamna risala. Mnampa bosi jukwaa, anawasifu, anakula keki, anaondoka hajaulizwa swali hata moja.

Kuhusu makato, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara wako mpaka iwe ni kwa mujibu wa sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama na mambo ya namna hiyo, au wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kuwa unadaiwa. Meseji ya mhasibu kwenye grupu sio maandishi yako. Na huyo mwenzio wa stoo aonyeshwe kifungu cha 33, palepale penye likizo ya uzazi ya siku 84 (mapacha 100). Anayenyonyesha anatakiwa apewe muda wa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Masaa mawili kisheria, halafu mtu anajificha nyuma ya maboksi.

kijana_wa_Kimara:
Na Siku ya Wanaume 19 Novemba je? Sisi hata soda hatununuliwi, tukikumbusha tunachekwa 😂😂

Mzee_wa_Tawi:
@kijana_wa_Kimara andaeni yenu nani kawakataza. Kifungu cha 34, mkeo akijifungua unapewa siku tatu. Risala yenu ianzie hapo.

sista_wa_zamu:
Nawasoma nikiwa zamu wodi ya wazazi. Naomba niseme upande wa wanaotembelewa maana huwa hatuulizwi.

Tarehe 8 mwezi wa tatu makundi yanapishana mlangoni, kila kundi na kitenge chake, sabuni za mche, pampasi, katoni za maji. Asanteni, hatukatai, kuna mama zawadi yenu ndo sabuni yake ya kwanza tangu alazwe. Lakini jamani. Mama kapasuliwa jana usiku, kukaa tu anakunja uso, anaambiwa mama tabasamu kidogo, mgeuze mtoto huku kwenye mwanga, na ile pakiti ya pampasi imeshikwa na watu wanne, haiachiwi mpaka mpiga picha aseme tayari. Kuna mama mmoja alijivutia kanga mpaka puani akabaki anawaangalia kwa macho tu, hakusema neno, picha ikashindikana. Ombeni ruhusa, na akikataa zawadi apewe vilevile. Na kabla ya kununua mpigieni muuguzi mfawidhi mumuulize kinachokosekana, anaweza kuwaambia mashuka, au beseni, au nauli ya mama aliyeruhusiwa na hana wa kumfuata. Halafu sio lazima iwe tarehe 8, mwezi wa saba huwa hatumuoni mtu.

Kuhusu maana, sisi wauguzi yetu ni 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale 1820. Tunavaa nyeupe, tunawasha mishumaa, tunarudia kiapo. Wapo wenzangu wanaona ni maigizo na kweli hotuba huwa ndefu na jua kali. Lakini mwaka mmoja wiki ileile tulikuwa tumempoteza mama mikononi, tulipofika katikati ya kiapo sauti ikanikatika, sista mmoja mtu mzima aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono akaendelea kusoma kwa nguvu yeye mpaka nikarudi. Semina na semina nimehudhuria, hakuna iliyonipa kitu kama kile. Kwa hiyo msiseme sherehe za kazi hazina kitu, inategemea mmekwenda kufanya nini pale.

leso_ya_Mombasa:
Huku kwetu ofisi yetu tulitengeza leso badala ya kitenge, kila mtu akanunua kwa hiari yake na asiyenunua hakuulizwa. Lakini dada wa stoo nikushangaze, Kenya Sheria ya Afya ya 2017 yamlazimu mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha, safi, chenye faragha. Wengi hawatengi, tusidanganyane. Kazini kwetu kilipatikana Nane Machi, mama mmoja wa masijala alimuomba mkubwa mbele ya wageni aje "azindue" chumba ambacho hakipo. Yule bwana kwa haya akaahidi mwezi huohuo, na kikapatikana, kilikuwa chumba cha mafaili ya zamani. Friji twangoja mpaka leo.

Dada_Lushi:
Jambo ba dada. Huku Lubumbashi mwezi wa tatu wote ni mwezi wa mwanamke, tarehe 8 kila kampuni ba mama wanavaa kikwembe yao, defile (maandamano) na kunywa. Kuna wanaume wanasema siku hiyo mwanamke anasahau nyumba, ni maneno tu, kesho yake nani anapika? Mimi kikwembe napenda, miaka inapita lakini naangalia kile cha kazi ya zamani nakumbuka wenzangu wote. Ila kukata mshahara kwa nguvu hapana, hiyo ni wizi.

bidada_wa_stoo:
Asanteni sana wote, Mama_Wawili umenigusa, hilo la wa usafi sikuwa nimeliwaza na kwetu hawamo hata kwenye grupu. Nimeongea na wenzangu wachache akiwemo mwenyewe wa maziwa, yuko tayari. Kitenge nitavaa ila makato sisaini. Mzee wangu, hiyo risala tunaiandikaje? Bosi wetu ukimwekea karatasi ndefu anaangalia simu.

Mzee_wa_Tawi:
Ukurasa mmoja, dakika tatu. Anza na shukrani kwa lolote la kweli alilofanya, lipo tu, tafuta. Kisha madai mawili, yasizidi. La kwanza chumba chenye komeo, kiti na soketi kwa wanaonyonyesha, na taja kifungu cha 33 kwa upole kabisa. La pili mchango wa mwakani uende kwa kipato na wa usafi waingizwe. Malizia kwa kumuomba awajibu kwa maandishi kabla ya Mei Mosi, tarehe muitaje kwa sauti. Nakala mpe HR siku mbili kabla ili bosi asiseme mmemvizia, mtu akiviziwa anakuwa mkali hata kwa jambo ambalo angelikubali. Keki ikatwe baada ya risala, sio kabla, mkikata kabla watu wanatawanyika na sahani zao.

Na wa kusoma achaguliwe mwenye mkataba wa kudumu. Asisome ambaye mkataba wake unaisha mwezi wa nne.