Mashabiki wa NASCAR mna macho ya nini? Tairi ndilo mchezo, nyie mnatazama moshi!

Wakuu, kwema?

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa Formula 1. Kila mmoja alale kwenye kitanda chake.

Nimevumilia vya kutosha. Kuanzia Februari hadi Novemba kuna mbio 36 za pointi za NASCAR Cup, lile daraja la juu la mbio za magari za Marekani, na kila wiki ni mashabiki walewale, ubishi uleule wa kijiweni, na hakuna hata mmoja anayetazama tairi. Tairi jamani! Mtu anatazama rangi ya gari, anatazama moshi, anatazama dereva kavaa miwani gani, halafu mwishoni anauliza "huyu mbona karudi nyuma ghafla?" Hakuna cha ghafla. Tairi lake la mbele kulia lilianza kwisha mbele ya macho yako mizunguko 15 iliyopita.

Nawaanika hapa mmoja mmoja. Atakayejiona, hajasingiziwa.

Wa kwanza ni wa kwetu kabisa, KATA-KUSHOTO. Hajawahi kumaliza mbio hata moja, lakini neno analo: "Si wanazunguka kushoto tu? Hata bibi yangu anaweza." Julai 2023 walikimbia katikati ya jiji la Chicago, kona za kulia na kushoto, barabara imelowa mvua, akashinda Shane van Gisbergen wa New Zealand, na ndiyo ilikuwa mbio yake ya kwanza kabisa ya Cup. Viwanja vya Watkins Glen na Sonoma, nako wanakata kulia miaka nenda rudi. Halafu huko kukata kushoto mnakokudharau ndiko kwenye kazi. Uzito wote unaegemea kulia, kwa hiyo upepo wa matairi ya kushoto unashushwa chini ya ule wa kulia, na mara nyingi hata mpira wenyewe si wa aina moja kwa pande zote mbili. Gari limepangwa liegemee upande, ukiliachia usukani kwenye njia iliyonyooka linavuta kushoto lenyewe. Uwanja wa Bristol mzunguko ni maili 0.533, unaisha kwa sekunde 15 hivi, unarudiwa mara 500. Mwambie bibi alete helmeti.

Anayefuata ni MLA AJALI. Huyu anajua viwanja viwili tu duniani, Daytona na Talladega. Analala mizunguko 150, rundo la magari likigongana anaruka kama timu yake imefunga goli dakika ya 90. Na kwa nini zinatokea? Hajui. Sikia basi. Mei 1987 pale Talladega tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likapaa na kurarua uzio wa mbele ya jukwaa. Kwa mbio hizohizo Bill Elliott alikuwa amejipatia nafasi ya kuanzia kwa kasi ya maili 212.809 kwa saa, karibu kilomita 342, na rekodi hiyo bado imesimama. Kuanzia 1988 injini zikaanza kubanwa hewa kwa kisahani chenye matundu katika viwanja hivyo viwili. Mwaka 2019 kisahani kikaondolewa, kikaja kipande kingine cha kazi ileile. Leo injini inayotoa nguvu za farasi 670 au zaidi kwenye viwanja vingine, kule inaachiwa 510. Matokeo yake hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake. Magari 30 yanakwenda bampa kwa bampa kama daladala zinazogombea abiria. Kumsukuma wa mbele katikati ya bampa kwenye njia iliyonyooka hakuna shida, wote wawili mnaongeza kasi. Ukimsukuma kwenye pembe ya bampa wakati anaingia kona, matairi yake ya nyuma yanapoteza uzito, gari linageuka, na walio nyuma hawana pa kupitia. Kwa hiyo ukitaka kuiona ajali kabla haijatokea, tazama anayesukuma kapanga pua yake wapi.

Na ushangilie kwa adabu. Kati ya Mei 2000 na Februari 2001 walikufa Adam Petty, Kenny Irwin, Tony Roper na Dale Earnhardt, wote kwa majeraha ya kichwa na shingo. Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo, HANS au cha aina yake, kilifanywa lazima Oktoba 2001, baada ya misiba yote hiyo.

Hapo kwa Earnhardt ndipo anapoingia MZEE WA ENZI ZILE. Jaketi jeusi namba 3, namba ya Earnhardt, na vidole vitatu juu mzunguko wa tatu kumkumbuka. Hiyo ni heshima, sina neno. Neno langu ni huu wimbo wake wa "zamani magari yalikuwa ya dukani, hakukuwa na ujanja". Mzee wangu, mbio ya kwanza kabisa ya daraja hili ilikuwa Charlotte, Juni 1949. Glenn Dunaway akafika wa kwanza, wakamnyang'anya ushindi kwa sababu springi za nyuma zilikuwa zimekazwa kama za magari ya kubebea gongo. Ushindi akapewa Jim Roper. Mbio ya KWANZA! Ndiyo, gongo, wa Kenya someni chang'aa. Junior Johnson, aliyeshinda mbio 50, alijifunzia kona kwa kusafirisha pombe ya magendo huko North Carolina, akafungwa, na msamaha wa Rais Reagan ukamfikia 1986. Ujanja ulizaliwa pamoja na mchezo.

Ninayemchukia kupita wote ni WANAZEMBEA. Daytona mizunguko 20 ya mwanzo anaandika kwa herufi kubwa: "MBONA HAWAKIMBII, PESA ZA WATU HIZO!" Ndugu, wanabana mafuta, na sababu yake ni nati. Kabla ya 2022 rimu ilikuwa na nati tano. Gari la sasa lina nati moja katikati, rimu ni aluminiamu ya inchi 18, na matairi manne yanabadilishwa kwa sekunde 9 hadi 11. Mafuta hayajaongeza mwendo. Yanamiminwa kwa kopo, kwa uzito wake tu, hayasukumwi na pampu. Tangi ni galoni 20, lita 76 hivi, kopo moja halilijazi, na kopo likijaa linafika kilo 40. Mahali ambapo hutaki matairi manne, anayekuchelewesha piti, yaani pale gari linaposimama kubadilisha matairi na kuongeza mafuta, ni mwenye kopo. Ukifika ukiwa na mafuta zaidi ya mwenzako, unaongeza kidogo, unatoka mbele yake, na pale Daytona kumpita mtu barabarani ni kazi kuliko kumpitia piti. Ndiyo maana wote wanaendesha nusu mguu. Piga hesabu mwenyewe: galoni moja kwa maili 5 hivi, galoni 20 ni maili 100, mzunguko ni maili 2.5, unapata 40. Ukimuona mtu anajaribu 44, hapo ndipo uanze kupiga kelele.

MWENYE SKANA naye. Kakodi skana, kile kiredio cha kunasa mawasiliano ya timu, kavaa hedifoni, anasikia dereva akiongea na fundi mkuu na yule mwangalizi aliyesimama juu ya paa. Uzuri mtupu, ndiyo namna bora ya kufuata mbio. Tatizo anatafsiri kwa sauti, na anatafsiri vibaya. Dereva akisema gari limelegea, ana maana linatupa mkia, matairi ya nyuma hayashiki. Akisema limekaza, pua inagoma kuingia kona, ya mbele ndiyo yanayoteleza. Mwenye skana anasikia "limelegea" anatangazia jukwaa zima kwamba kuna nati imelegea. Dawa ni kugeuza spana inayoingizwa kwenye kioo cha nyuma kurekebisha mkazo wa springi, au kupunguza upepo kidogo, nusu psi (kipimo cha upepo wa tairi), psi moja. Ukiona fundi kashika spana ndefu piti, sikiliza nyakati za mizunguko mitano inayofuata. Hapo skana itakuwa imekulipa.

MNUNUA VYUMA ananisikitisha zaidi kuliko kunikera. Analipia "bati halisi la mlango" la gari la Cup la 2023 na nati tano za manjano "za wiki jana". Bodi ya gari la Cup tangu 2022 si bati, ni mchanganyiko wa nyuzi, ukiligonga kwa ukucha linalia kama ndoo ya plastiki. Sumaku ya shilingi mia tano ingekuokoa. Na nati tano hazipo tena Cup, zilizopo ni za zamani au za dukani.

Wengine nawapitia haraka. Anayekaa mstari wa kwanza pale Martinsville halafu analalamika soda yake ina mchanga: huo ni unga wa matairi, panda juu, na huko juu utaona uwanja mzima badala ya uzio. Asiyevaa vizibo vya masikio: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kukidumbukiza tu kama jiwe hakuzuii kitu. Mwenye basi la shule na sofa juu ya paa kule uwanja wa ndani wa Talladega: kaa raha, ila hiyo jenereta iondoe chini ya dirisha la waliolala, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua.

Nawasilisha. Matusi yaje kwa foleni.

NatiMoja:
Mkuu umewasahau WANA-JORDAN. Walikuja 2021 timu ya 23XI ya Michael Jordan, yule wa kikapu, na dereva Denny Hamlin ilipoanza. Swali lao la kwanza: "Jordan anaendesha gari lipi?" Haendeshi! Na hawahawa ndio wanaosema Bubba Wallace, dereva wa timu hiyo, ni mweusi wa kwanza kushinda mbio ya Cup. Bubba alishinda Talladega Oktoba 2021, sawa. Lakini Wendell Scott alishinda Jacksonville Desemba 1, 1963. Kombe akapewa Buck Baker siku hiyo, waandaaji wakasema ni makosa ya kuhesabu mizunguko, Scott akatambuliwa baadaye. Kushangilia Bubba bila kumjua Scott ni kula ubwabwa bila kumsalimia mwenye shughuli.

FundiPancha:
Hoja ya upepo naongeza nyama. Kila mtu anataka kushusha upepo kwa sababu tairi linakaa chini, linashika lami zaidi. Ukizidisha, ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, unapasuka. Mwaka 2022 matairi ya nyuma yalipasuka sana kwa mchezo huo. Na kuna shabiki anaitwa SI-ARUDI-TU, gari likizunguka na kupasua matairi yote anapiga kelele dereva arudi piti taratibu. Gari hili lina sakafu bapa na matairi mafupi ya ubavu. Yakiisha upepo, tumbo linakaa kwenye lami na magurudumu hayapati nguvu ya kusukuma. Linavutwa.

Msimu36:
Ongezeni MSHEREHEKEAJI WA MAPEMA. Pocono, Julai 2022, Hamlin wa kwanza na Kyle Busch wa pili, watu washabadilisha picha za wasifu. Ukaguzi wa jioni ukakuta utepe usioruhusiwa kwenye bodi ya mbele, wote wawili wakafutwa, ushindi kwa Chase Elliott. Mshindi wa Cup hakuwa amefutwa tangu 1960. Subiri vipimo vikamilike ndipo utukane wenzako.

Na kwa wanaouliza saa kila wiki: mbio ya saa tisa mchana kule mashariki ya Marekani, kwetu ni saa nne usiku wakiwa kwenye saa za kiangazi, saa tano usiku wakiwa kwenye saa za kawaida. Bristol ya usiku wekeni alamu, ni saa nane na kitu.

Mgeni_Mtaani:
Uzi mrefu sijausoma wote. Ila hawa jamaa si ndio wanaozunguka kushoto tu?

Mleta uzi:
Mods, fungeni.