Naomba ushauri: samaki gani wa pwani aliyevuliwa bila kuumiza bahari, na nimpikeje?

Mpishi_Mpya: Wakuu, habari zenu. Kesho jioni nina wageni wanane, mmoja wao mama mkwe. Yeye hali samaki aliyevuliwa kwa kuharibu bahari, na lazima ataulizia. Nichague yupi, na nimpikeje asikauke? Usingizi umenikata.

Ngalawa: Chukua vibua. Wanakua upesi na kuzaa mapema kuliko samaki wakubwa wa mwambani. Ila wawe kwenye barafu tangu wanapotoka majini. Kibua akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo moto hauiondoi.

Babu_Mshipi: Hapo umenena! Shemeji yangu alikula jodari aliyeshinda juani, akavimba uso, tukahangaika kumtafuta nyuki tuliyedhani kamuuma.

Dada_Jiko: Mnamchosha mtu na bahari, kaulizia mapishi. Mfute maji kabisa, mchanje hadi karibu na mfupa, paka chumvi na ndimu muda mfupi kabla ya kukaanga. Mafuta yapate moto kwanza, na usimgeuze mpaka aachie kikaango mwenyewe. Nyama ikishakuwa nyeupe mpaka mfupani na inaachana ukiigusa kwa uma, epua. Wengi hukausha samaki kwa woga tu.

Ngalawa: Mleta mada, mbona kimya? Huyo mvuvi wako anatumia mshipi, dema la kutega au juya, wavu wa kukokota? Au umeshanunua?

Mpishi_Mpya: Nimeshanunua. Ni chewa, kilo saba hivi, yuko kwenye friza. Muuzaji ni mtu ninayemwamini. Na samaki keshakufa, nikimwacha hafufuki.

Ngalawa: Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakishakua ndipo baadhi hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, umemaliza madume. Tena aina nyingi hukusanyika sehemu zilezile kila msimu wa kutaga, kwa hiyo hata mshipi unaweza kuwafagia. Alikwambia kavuliwa vipi?

Mpishi_Mpya: Mshipi. Ila nilipompasua nilikuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, na mbavu zimeachana na nyama. Mdomoni sikuona jeraha la ndoana. Nadhani aligongwa wakati wa kubebwa.

Mzamiaji: Hapana, dada. Hizo ni dalili za baruti. Mlipuko huvunja uti na kupasua kibofu cha hewa huku nje samaki anaonekana mzima. Na matumbawe yaliyosambaratika hugeuka kifusi kinachoyumba na maji, machipukizi hayapati pa kushika. Nimeogelea juu ya mwamba wa namna hiyo, inauma.

Kaka_Mashaka: Ngojeni kwanza. Mwanzo aliuliza anunue yupi. Sasa samaki yupo, kapasuliwa, na dalili zote zimepangwa kama somo la darasani. Uzi huu umetungwa.

Dada_Jiko: Hata mimi najiuliza. Kilo saba zimeingiaje kwenye friza ya nyumbani?

Mpishi_Mpya: Nimemkata mapande, kichwa kiko peke yake. Niliuliza yupi kwa sababu nilitaka mtu mmoja tu ataje chewa, nitulie.

Babu_Mshipi: Mwambie mama mkwe ukweli. Mkwe hadanganywi kwa sahani.

Mzamiaji: Awe katunga au hakutunga, dalili ni zenyewe. Na muuzaji wa hivyo ukirudi kwake, baruti nyingine inawashwa.

Ngalawa: Bado una asubuhi. Nenda mapema, tafuta vibua wenye macho yaliyotuna, mashavu mekundu ndani, ukibonyeza nyama inarudi. Uliza kavua nani na kwa chombo gani. Akijizungusha, ondoka.

Mpishi_Mpya: Watu wanane, vibua wangapi?

Ngalawa: Wakiwa wadogo, wawili wawili. Weka wa akiba.

Mpishi_Mpya: Sawa, nitaenda. Mama mkwe atakula vibua. Lakini chewa nitampika keshokutwa, sitamtupa.

Kaka_Mashaka: Weka picha ya huo uti.